Maswali ya Wasomaji: Vimondo vya Mwezi, Madini Yake na Magma Ilikotoka

Safari hii barua nyingi zinahusu mawe ya Mwezini yanayookotwa duniani. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na yale ya wanafunzi wa jiolojia tumeyajibu kwa kirefu zaidi kwa sababu ndiyo yenye nyama.

SWALI: Jiwe linatokaje Mwezini likafika huku bila chombo cha kulibeba? Na nani wa kwanza kuthibitisha kwamba limetoka huko?

JIBU: Linarushwa na kishindo. Asteroidi inapogonga uso wa Mwezi, miamba iliyo juu juu, pembeni kidogo ya pale palipopigwa, huchomoka kwa kasi kubwa kabla haijasagika wala kuyeyuka. Ili jiwe liuhame Mwezi moja kwa moja linahitaji kasi ya kilomita 2.4 kwa sekunde, wakati duniani lingehitaji 11.2. Tena Mwezini hakuna hewa ya kulizuia. Mengi husafiri angani kwa muda usiofika miaka milioni 10 kabla ya kunaswa na Dunia. Muda huo hupimwa kwa isotopu (aina za elementi zenye atomu za uzito tofauti) kama beriliamu-10 na alumini-26, ambazo huzalishwa ndani ya jiwe na miale ya anga za mbali.

La kwanza kutambuliwa ni ALHA81005, lenye gramu 31, lililookotwa na kikosi cha Marekani huko Allan Hills, Antaktika, Januari 1982. Brian Mason wa Smithsonian alipoliangalia kwa hadubini aliona ndani yake vipande vyeupe vya anothositi, mwamba wa nyanda za juu nyeupe za Mwezi, vinavyofanana na vile vya sampuli zilizoletwa na safari za Apollo za Marekani, na mwaka 1983 maabara kadhaa zilizolipima zilifikia uamuzi huohuo. Kama Apollo haikuleta mawe ya kulinganisha, lile lingebaki kabatini bila jina la kwao. Leo yenye majina rasmi yanazidi 500, ingawa mengi ni vipande vya jiwe moja lililopasuka. Hakuna hata moja lililoshuhudiwa likianguka.

SWALI: Nimesoma kwamba Mwezi una madini machache mno ukilinganisha na Dunia. Katika vimondo hivi yapo yapi hasa, na kwa nini ni machache?

JIBU: Manne hubeba karibu uzito wote: plagioklasi, pairoksini, olivini na ilmeniti, ambayo ni oksidi ya chuma na titani.

Plagioklasi ndiyo ile nyeupe inayoonekana kwa macho. Katika basalti (mwamba mweusi wa lava iliyoganda) za kawaida za duniani, kalsiamu na sodiamu hugawana nafasi ndani yake, na sehemu ya anothiti, yaani ile yenye kalsiamu, huwa asilimia 50 hadi 70 hivi. Katika miamba ya nyanda za juu za Mwezi anothiti hufika asilimia 95 hadi 97. Sodiamu karibu haimo. Mwezi uliundwa kwa joto kali na ukapungukiwa na elementi zinazovukiza upesi, sodiamu na potasiamu zikiwemo, na upungufu huo unasomeka mpaka leo katika kila fuwele.

Pairoksini ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote, na tunashauri kila anayeanza kusoma mawe haya aizoee kwanza. Katika basalti ya Mwezi, kiini cha fuwele huganda mapema kikiwa na magnesiamu nyingi. Kadiri magma iliyobaki inavyozidi kujaa chuma, kingo za fuwele nazo huzidi kuwa za chuma. Mwishoni kabisa huweza kujitokeza pairoksiferoiti, madini yasiyotulia katika shinikizo dogo. Lava ikipoa haraka, madini hayo hubaki yalivyo. Lava ikikaa na joto muda wa kutosha, madini hayo huvunjika na kuwa mchanganyiko wa hedenbagiti, fayaliti na silika, uliofumana kwa vipande vya mikromita chache. Kwa hiyo ukingo wa fuwele moja unaweza kukuambia kama mtiririko wa lava ulikuwa mwembamba au mnene.

Baada ya hayo manne huja vijidogo: spineli yenye kromi, troiliti, chembe za chuma chenye nikeli, kristobaliti, apatiti, meriliti, zirkoni na badeleyiti. Madini matatu yaliyotambuliwa mara ya kwanza katika mawe ya Apollo 11 ni armalkoliti, iliyopewa jina kutokana na Armstrong, Aldrin na Collins, trankwilitiiti, na hiyo pairoksiferoiti. Yote yamekuja kupatikana duniani pia, kwa hiyo kuyaona peke yake si ushahidi kwamba jiwe limetoka Mwezini.

Uchache unatokana na ukavu. Hakuna maji wala oksijeni huru ya kubadili miamba, basi hakuna udongo wa mfinyanzi, wala chokaa, wala kutu. Chuma kipo katika hali iliyopungukiwa oksijeni, au ni metali kabisa. Kimondo cha jangwani kikionyesha mishipa ya kalsaiti au jasi, hiyo imeingia hapa duniani baada ya kuanguka, na mara nyingi bariamu na strontiamu hupanda pamoja nayo. Usizihesabu elementi hizo mbili unapojadili magma.

SWALI: Mnasema nyanda nyeupe za Mwezi ziliganda kutoka bahari ya magma. Halafu mnasema basalti nyeusi nayo ni ya magma. Ni magma moja au mbili? Na kama Mwezi ulikuwa umeshaganda, lava ilitoka wapi?

JIBU: Ni mbili, na ya pili ni zao la mabaki ya ya kwanza. Hapa ndipo penye kiini cha somo lote, kwa hiyo tusiharakishe.

Mwanzoni sehemu kubwa ya Mwezi ilikuwa imeyeyuka. Wazo hili lilitolewa mwaka 1970, baada ya wachunguzi kukuta vipande vidogo vyeupe vya anothositi katika udongo wa Apollo 11, mahali ambapo kila kitu kilitarajiwa kuwa basalti. Magma hiyo ilipopoa, olivini iliganda kwanza, ikafuatiwa na pairoksini, na zote mbili zilizama kwa sababu ya uzito wao. Plagioklasi ilisubiri hadi robo tatu au zaidi ya magma ilipokuwa imeshaganda. Wakati huo magma iliyobaki ilikuwa na chuma nyingi na msongamano wa karibu gramu 2.9 kwa sentimita ya ujazo au zaidi kidogo, nayo plagioklasi ni 2.7 hivi. Ikaelea kama ubao majini, ikajikusanya juu na kuwa ganda la anothositi, mwamba ambao zaidi ya asilimia 90 yake ni plagioklasi. Sampuli ya Apollo 16 yenye namba 60025, ambayo ni ya aina hii, ina umri wa takriban miaka bilioni 4.36.

Chini ya ganda, ugandaji uliendelea. Ilmeniti ilichelewa hadi sehemu ndogo sana ya magma imebaki. Tone la mwisho kabisa lilikuwa na kila elementi ambayo fuwele zote zilizotangulia ziliikataa: potasiamu, elementi adimu za ardhi, fosforasi, urani na thoriamu. Wataalamu huliita KREEP, kwa herufi za potasiamu (K), za kundi hilo la elementi adimu (REE), na fosforasi (P).

Ushahidi kwamba ganda na vyanzo vya basalti vilitoka katika magma moja umo katika yuropiamu. Katika mazingira yenye oksijeni kidogo, elementi hii hukaa na chaji mbili badala ya tatu, na kwa chaji hiyo hutoshea katika nafasi ya kalsiamu ndani ya plagioklasi. Anothositi ikaibeba. Ukichora grafu ya elementi adimu za kimondo cha nyanda za juu, yuropiamu husimama juu kama kilele. Ukichora ya basalti, huwa shimo. Shimo hilo linabaki hata katika basalti ambazo zenyewe hazikupoteza plagioklasi njiani, maana yake chanzo chake kilikuwa tayari kimenyang'anywa yuropiamu kabla ya kuyeyuka upya.

Sasa lava. Tabaka zilizozama hazikukaa kwa utulivu. Zile za juu, zenye ilmeniti ya msongamano wa 4.7, zilikuwa nzito kuliko olivini iliyokuwa chini yake, kwa hiyo zilididimia na manteli, yaani sehemu nene iliyo chini ya ganda, ikachanganyika. Mionzi ya urani, thoriamu na potasiamu ikaongeza joto polepole, na mamia ya mamilioni ya miaka baadaye sehemu za manteli zikaanza kuyeyuka kidogo kidogo. Majaribio ya kuyeyusha miamba maabarani yanaweka vyanzo vingi katika kina cha kilomita 100 hadi 500. Magma iliyopanda ilikuwa na chuma nyingi na silika kidogo, ikawa nyepesi kutiririka, ikajaza mabonde ya mapigo makubwa. Mabonde hayo ndiyo madoa meusi tunayoyaona, na yanafunika asilimia 17 hivi ya uso wa Mwezi.

Basalti hizo hugawanywa kwa oksidi ya titani: chini ya asilimia 1 ni za titani kidogo mno, 1 hadi 6 ni za titani kidogo, juu ya 6 ni za titani nyingi. Apollo 11 na 17 zilileta nyingi za kundi la tatu. Katika vimondo kundi hilo ni adimu. Tunayopata ni makundi mawili ya kwanza. Kimondo NWA 032, kilichopatikana Morocco mwaka 1999, ni mfano mzuri: basalti ya titani kidogo, haikupondwapondwa, ina fuwele za olivini zilizotangulia kuganda zikiwa ndani ya chembe laini zilizopoa upesi, na umri wake ni takriban miaka bilioni 2.9. NWA 773 kwa upande wake ina gabro ya olivini, yaani fuwele zilizorundikana ndani ya magma iliyopoa taratibu chini ya uso.

SWALI: Maabara yetu ya chuo ina maikroprobu ya elektroni, chombo cha kupima elementi katika nukta ndogo kwa miale ya elektroni. Tukipewa kipande, tufuate hatua gani kukitofautisha na basalti ya duniani au kimondo cha asteroidi kubwa Vesta?

JIBU: Kata kwa msumeno wa almasi na ung'arishe kwa alkoholi badala ya maji, kwa sababu maji huleta kutu kwenye chembe za metali na huyeyusha chumvi ambazo ungetaka kuziona. Kipande kifikie unene wa mikromita 30, kisha kipakwe kaboni.

Kabla ya kupima chochote, tengeneza ramani za elementi za kipande kizima. Tafuta maji kwanza: ukikuta amfiboli, maika au olivini iliyogeuka kuwa sepentini, karibu uhakika ni jiwe la duniani. Ukikuta magnetaiti kwa wingi, vilevile.

Kipimo kikuu ni uwiano wa chuma kwa manganisi. Katika pairoksini, Vesta na Mirihi hukaa karibu na 30, Dunia karibu na 40, Mwezi karibu na 60. Katika olivini za Mwezi hupanda hadi karibu 90 au 100. Manganisi huvukiza kwa urahisi kuliko chuma, na kiasi cha chuma kilichozama kwenye kiini hutofautiana kati ya sayari na sayari, ndiyo maana kila mahali pana uwiano wake.

Kinachoharibu kipimo hiki ni haraka. Chukua pairoksini yenye asilimia 18 ya oksidi ya chuma na asilimia 0.30 ya oksidi ya manganisi: uwiano ni 60. Ukikosea manganisi kwa 0.10 tu na kusoma 0.40, unapata 45, na tayari jiwe la Mwezi linafanana na la duniani. Tumia volti 15,000 na nanoampia 20, hesabu manganisi kwa sekunde 60 badala ya 10 au 20 za kawaida, pima madini ya rejea kila baada ya muda, na usitegemee nukta moja. Pima 30 au zaidi, katika viini na kingo, uzichore zote kwenye grafu ya manganisi dhidi ya chuma, kisha usome mteremko wa mstari.

Kwa plagioklasi tatizo ni jingine. Miale ya elektroni iliyokusanywa hufukuza sodiamu, kwa hiyo anothiti huonekana juu kuliko ilivyo. Panua miale ifike mikromita 5 hadi 10, na sodiamu ipimwe kwanza kabisa. Angalia pia kama plagioklasi bado ni fuwele: mapigo ya gigapaskali 25 hadi 30 au zaidi huigeuza maskeliniti, aina ya kioo, ambayo chini ya hadubini yenye polaroidi mbili hubaki nyeusi hata uizungushe.

Oksijeni ndiyo hakimu wa mwisho. Isotopu tatu za oksijeni za Mwezi zinalingana na za Dunia kiasi kwamba hazitakusaidia kuzitenganisha hizo mbili, ila zinaiondoa Vesta na Mirihi mara moja. Manganisi inaiondoa Dunia, oksijeni inawaondoa wengine. Fanya vyote viwili.

SWALI: Nina takwimu za kemia ya breksia nzima. Naweza kuzitumia kukadiria magma iliyoizaa?

JIBU: Hapana, na kosa hili ni la kawaida mno. Vimondo vingi vya Mwezi ni breksia, yaani vipande vya miamba mbalimbali vilivyopondwa na kugandishwa pamoja na mapigo. Wastani wake hauwakilishi magma yoyote iliyowahi kuwepo. Chagua kipande kimoja ndani ya breksia, chenye upana wa milimita moja au zaidi, kisome peke yake.

Hata hapo kuna mtego. Mapigo makubwa huyeyusha miamba, na ule uji ukiganda hutoa mwamba unaofanana kabisa na wa volkeno. Utautambua kwa uchafu wa asteroidi iliyogonga: iridiamu na nikeli hupanda, kwa kuwa magma halisi ya Mwezi ina kiasi kidogo mno cha elementi hizo. Tafuta pia mabaki ya plagioklasi yenye kingo zilizoliwa ambayo hayalingani na madini yanayoyazunguka.

Wastani wa breksia una kazi yake nyingine. Kimondo cha nyanda za juu huwa na oksidi ya alumini asilimia 28 hivi, oksidi ya chuma 4 hadi 5, na thoriamu chini ya sehemu 1 kwa milioni. Ukiziweka namba hizo juu ya ramani za mionzi ya gama zilizochorwa na chombo cha Marekani cha Lunar Prospector kuanzia 1998, unaweza kusema jiwe limetoka eneo la aina gani.

SWALI: KREEP inaonekana kwenye kimondo gani? Na kimondo chenye lava ya zamani kuliko zote ni kipi?

JIBU: Kwa KREEP, tazama SaU 169, gramu 206, kutoka Oman. Thoriamu yake katika sehemu iliyoyeyushwa na pigo ni karibu sehemu 33 kwa milioni, na zirkoni zake zina umri wa takriban miaka bilioni 3.9, umri ambao watafiti wameuhusisha na pigo lililochimba bonde la Imbrium.

Kwa lava, Kalahari 009 ya Botswana, kilo 13.5. Ni basalti ya titani kidogo mno, na fosfeti zake zilitoa umri wa miaka bilioni 4.35, ukiwa na kosa la bilioni 0.15 kila upande. Kwa hiyo volkeno zilianza wakati ganda lenyewe bado changa. Upande wa pili wa kalenda, basalti za chombo cha China Chang'e 5, zilizoletwa Desemba 2020, zina miaka bilioni 2.0.

Tahadhari ya kupima umri: agoni, gesi inayozalishwa na potasiamu ndani ya jiwe kadiri miaka inavyopita, hutoroka jiwe linapopigwa, hivyo njia ya potasiamu na agoni huweza kukupa tarehe ya pigo badala ya tarehe ya lava. Badeleyiti na zirkoni hushika vizuri zaidi risasi, yaani metali inayotokana na urani iliyomo ndani yake, lakini hakikisha chembe imo ndani ya mwamba wa lava wenyewe, isiwe imechomekwa na breksia.

SWALI: Apollo ilileta kilo 382. Vimondo vya kazi gani tena?

JIBU: Apollo ilitua mara sita, zote upande unaoelekea Dunia, ndani au jirani ya eneo lenye KREEP nyingi. Ukiutazama Mwezi kwa sampuli hizo peke yake utadhani thoriamu imejaa kila mahali. Vimondo vinatoka popote, pamoja na upande wa pili, ambako hadi Chang'e 6 irudi Juni 2024 na kilo 1.9 hatukuwa na sampuli yoyote iliyochukuliwa kwa chombo. Vimondo ndivyo vilivyoonyesha kwamba sehemu kubwa ya ganda ina thoriamu kidogo sana. Udhaifu wake ni kwamba havina anwani: tunajua aina ya eneo, mara chache sana kasoko yenyewe.

SWALI: Nimepata jiwe jeusi, zito, lenye vitundu, linashika sumaku. Ni la Mwezi?

JIBU: Dalili zako zinaelekea kwingine. Vimondo vya Mwezi vina metali kidogo, sumaku huvishika kwa unyonge au haivishiki kabisa, na havina uzito wa kushangaza mkononi. Jiwe zito lenye vitundu na linaloruka kwenye sumaku mara nyingi ni taka za tanuru la kuyeyushia chuma. Vitundu vya breksia ya Mwezi, vikiwepo, huwa kwenye ngozi nyembamba ya nje iliyoyeyuka wakati wa kuanguka, na ndani utaona vipande vyeupe vyenye kona vikiwa katika kijivu. Usilisugue, usiliweke tindikali, usilioshe. Ikifika hatua ya kuliandikisha, taasisi inayotambuliwa hutakiwa kuhifadhi gramu 20 za jiwe au asilimia 20 ya uzito wake, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.